Sahihi Yenye Vitobo

Droo ilikuwa tupu. Inspekta aliivuta mpaka mwisho, akaisukuma, akaivuta tena, kana kwamba maiti ya mzee ingeweza kujibanza nyuma.

"Afande, hata ukiivuta mpaka kesho, hayumo," alisema mhudumu wa mochwari. "Katoka asubuhi. Kwa karatasi halali."

"Halali kwa nani?" alifoka dereva wa lori, mtoto pekee wa marehemu. "Nimeingia sasa hivi kutoka safari, sijasaini kitu! Jeneza liko nje, ndugu wako makaburini. Niwaambie baba kaibwa?"

Inspekta hakuwa mwanamke wa kutulia. Alikizunguka chumba kile cha baridi, peni ikimgonga pajani. Maiti aliyepotea hasubiri, na jua lilikuwa linapanda.

"Nani kamchukua?"

"Mama wa makamo, kajifunika mtandio mpaka puani. Jana alichukua fomu, leo kairudisha imesainiwa. Kasema mtoto wa marehemu kamtuma."

"Hukumuomba kitambulisho?"

"Alikuwa analia, afande."

"Namba ya gari?"

"Mimi nahesabu wanaolala. Magari si kazi yangu."

Inspekta alinyakua fomu, akaipeleka dirishani. Akamwomba dereva leseni yake, akazilinganisha sahihi. Kisha akampa karatasi tupu. "Saini. Tena. Tena."

Sahihi tatu zikatoka kama ndugu watatu: wanafanana, lakini kila mmoja na sura yake. Ile ya kwenye fomu ilikuwa na unene usiobadilika, kama barabara iliyochorwa na mtu asiye na haraka. Akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa karatasi. Chini ya wino kukajitokeza safu ya vitobo vidogo, vimepangana sawasawa, vinafuata kila kona.

"Baba yako alifanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Twende dukani kwake."

Garini, dereva hakuacha kutikisa goti. Inspekta naye alikuwa hajakoma kugonga peni.

"Nani yuko pale?"

"Hakuna mtu. Yule Mama Vifungo tu."

"Ndiye nani?"

"Mwanamke wa dukani. Baba alituacha, akahamia chumba cha nyuma, kwa huyo. Mama yangu kafa anamsubiri." Akageukia dirishani. "Juzi nimempigia simu nikamwambia, msibani usikanyage."

Duka lilikuwa limefungwa, lakini ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Inspekta hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega.

Ukutani zilining'inia karatasi za kaki zenye ramani za kukatia mikono ya mashati na kola, na kila mstari ulikuwa wa vitobo. Kando ya mkasi kulikuwa na kigurudumu chenye meno, kile ambacho mafundi hukibingirisha juu ya ramani ili alama zipite zikae kwenye kitambaa cha chini.

Na juu ya meza ya kukatia, mzee alikuwa amelala. Ameoshwa, amechanwa nywele, amevaa suruali ya kijivu yenye mkunjo uliosimama.

Mama Vifungo alizima cherehani. Mikononi alikuwa na koti.

"Uko chini ya ulinzi," alisema Inspekta. "Sahihi ya huyu kijana uliipata wapi?"

"Kwenye ramani ya suti yake ya harusi. Alisaini alipoichukua. Nikaiweka juu ya fomu, nikapitisha kigurudumu."

"Ile alinishonea baba!" dereva alipiga kelele.

"Baba yako macho yalikuwa yameshakwisha, mwanangu. Alikata kwa kupapasa. Nikashona mimi."

"Usiniite mwanao."

"Haya."

Inspekta alisogea katikati yao. "Kwa nini, mama? Kosa hili ni kifungo."

"Kwenye fomu wanauliza: mke, mtoto, au ndugu? Mimi ningeandika nini, mshona vifungo?" Alilikunjua koti. "Suti hii alijikatia kabla ya kuanguka. Akaniambia, usije ukaniacha niende na shuka la hospitali. Yeye huyu angenifungulia mlango? Nilitaka kumvalisha tu. Alasiri ningemrudisha."

Dereva alimtazama baba yake. Akaitazama suruali ile, mshono wake, mkunjo wake. Ndio mkunjo uleule aliosimama nao siku ya harusi yake.

"Limebaki nini?" aliuliza, hamtazami mtu.

"Kifungo kimoja."

"Mama yangu hakuvalishwa na mtu," alisema. Kisha, "Mwache amalizie, afande. Halafu mchukue."

Inspekta alisimama mlangoni akigonga peni mpaka uzi ulipokatwa kwa meno. Dereva ndiye aliyemwinua mzee mabega, mkono wa koti upite.

Kituoni, maelezo yaliandikwa yote, neno kwa neno. Inspekta aliigeuza karatasi kuelekea kwa mtuhumiwa.

"Weka sahihi hapa."

"Ya nani?"

"Yako, mama."

Mwanamke alishika peni, akaiacha hewani. Mzee hakujua kuandika. Mizigo yote ya vitambaa, kodi zote za chumba, yeye ndiye aliyemsainia, kwa jina la mzee. Na jana akamsainia mtoto.

Peni ya Inspekta ilinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alivuta kiti akakaa.

"Afande," Mama Vifungo alinong'ona, "nipe kwanza karatasi nyingine, nijaribie. Ya kwangu sijawahi kuikata."