Jina la Nakato Kwenye Kompyuta ya Babirye

Babirye aliapa hakuliandika jina lile. Aliandika la kwake tu, tena mara mbili: mara moja kwa mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, mara moja kwa huu mpya aliouweka Jumapili baada ya misa, kwa sababu mwalimu wa darasa lake la kompyuta alitaka kila mwanafunzi awe na mifumo miwili kwenye mashine moja. Akagawa diski nusu kwa nusu, akazima, akaenda zake kupika. Jumatatu asubuhi, katika kibanda chake cha kuchapa barua pale mtaa wa Kator, akaiwasha, na ile orodha ndogo ya kuuliza uanze na mfumo upi ikatokea. Mstari wa kwanza: Nakato. Wa pili: Babirye.

Nakato alikuwa pacha wake. Alizikwa Masaka miaka mitatu iliyopita.

Sasa nikwambie jambo, maana asiyejua mila za Waganda atadhani mwanamke huyu alikuwa na wazimu. Kwao pacha hafi, huruka. Ukisema amekufa umemtukana. Na ukimpa mmoja kitu, mwenzake naye apewe, awepo asiwepo. Miaka yote mitatu Babirye alinunua vitenge viwili, vikombe viwili, ndala jozi mbili, na mumewe Lubega akanung'unika weee mpaka akazoea. Lakini Jumapili ile alijipa nusu zote mbili peke yake. Ni haraka tu, jamani. Nani angekumbuka?

Akachagua jina lake. Kioo kikawa cheusi, feni ikavuma, basi. Akazima, akawasha, akachagua tena, weusi uleule. Wateja walikuwa wameshajipanga mlangoni na barua zao, kwa hiyo akauma meno akachagua Nakato. Mashine ikafunguka saa ileile, na harufu ya majani ya ndizi yaliyofunikia matoke ikajaa kibanda kizima, mahali pasipo hata jiko. Babirye akaijua. Nakato alikuwa mpishi, na nguo zake zilinukia hivyo siku zote. Akalia palepale mbele ya watu.

Kufikia Alhamisi hakutaka kuizima tena. Alikaa mbele yake bila kula, akinong'ona, akinyamaza kama anayejibiwa, akicheka kidogo. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Lubega alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno makali, lakini alimpenda mkewe kupita kiasi, na usoni pake sasa aliona kitu kimoja tu: kwamba anachukuliwa.

"Hii kitu inakumaliza wewe," alisema. "Twende kwa fundi. Leo hii."

Fundi alikuwa Sharmarke, Msomali aliyekulia Nairobi, mwenye duka la kutengeneza kompyuta mtaa wa Hai Cinema. Aliipokea mashine huku akitabasamu.

"Mafi mushkila, hakuna shida, mzee. Ukiweka mfumo wa pili, hiyo orodha huvurugika. Hata mimi imenitokea. Naiandika upya, mama anakuwa wa kwanza, kalas, imekwisha."

Akachomeka flashi, akaandika, akawasha. Nakato wa kwanza. Akakuna kichwa, akaandika tena. Nakato. Mara ya tatu alichagua Babirye kwa kidole chake mwenyewe, wote wakitazama, na kioo kikawa cheusi. Akacheka, lakini si kicheko cha mtu mwenye raha. Akachomoa waya, akaifungua chini, akatoa betri na kuiweka mezani, na hapo ndipo duka likapoa ingawa nje jua lilikuwa la utosi, ile harufu ya majani ya ndizi ikapanda kutoka kwenye vibonye, nzito, ya moto, na feni ya mashine isiyo na waya wala betri ikaanza kuzunguka polepole, ikapumua, ikanyamaza, ikapumua tena, na kwenye kioo kilichopaswa kufa yakatokea maandishi meupe, jina moja, mstari chini ya mstari mpaka pakajaa.

"Nani huyu Nakato?" Sharmarke akauliza, sauti imeshuka.

"Dada yake. Alikufa."

"Aliruka," Babirye akasema.

Sharmarke akatazama mlangoni. "Saa hii ya jua kali ni saa ya majini, wallahi. Mama, huyu si dada yako. Ni jini limevaa jina lake. Mzee, nafuta kile kipande chake chote cha diski ama niache?"

Babirye akamshika mumewe mkono kwa mikono yote miwili. "Usikubali, nakuomba. Ile nusu ni haki yake, mimi ndiye nilimnyima. Mwache akae mle. Mkimfukuza, hana pengine pa kwenda ila kwangu."

Lubega alimgeukia mkewe. Kidogo amkubalie. Kisha akayaona mashavu yale.

"Fundi, futa."

Sharmarke akasoma Ayatul Kursi, akarudisha betri, akafuta. Feni ikakoroma mara moja, harufu ikakatika. Babirye akashtuka, akameza mate kwa nguvu, akaomba maji. Akanywa chupa nzima bila kupumzika.

Mashine ikawaka vizuri kabisa. Barua zote zilikuwapo. Jioni ile Babirye alikula mpaka akaongeza, akamtania mumewe kwamba anakoroma kuliko lori lake, na Lubega akamshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu. Alikuwa amempata mkewe.

Asubuhi akaamka jua limeshaingia dirishani. Babirye alikuwa amelala chali, macho wazi, hayapepesi. Akamwita. Akamgusa bega, akalikuta baridi, akamwita tena na tena, mpaka mwishowe kifua kikavuta pumzi ndefu na macho yakamgeukia. Uso ulikuwa uleule wa mkewe. Lakini ulimtazama kwa haya, kama mgeni, na mikono ikavuta shuka mpaka shingoni huku mwili ukisogea ukingoni mwa kitanda.

"Shemeji," akanong'ona, "mbona tumelala kitanda kimoja? Dada yuko wapi?"