Sarafu Iliyorudi Jumanne

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha dobi kilikuwa na joto la kumchemsha mtu. Mashine za kufulia zilinguruma upande wa pili wa ukuta, na ndiyo maana Kobe alikipenda. Ukiongea humo, hata aliye mlangoni hakusikii. Alichora duka kwa kipande cha sabuni juu ya meza. Mlango. Kaunta. Sefu.

"Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Mzee mmoja, peke yake. Anauza sarafu za zamani."

"Sarafu?" Bondia aliangua kicheko. "Bosi, tumefika huko? Tunakwenda kuiba chenji?"

"Taratibu, mwanangu. Moja tu kati ya hizo inanunua nyumba uliyopanga, na wewe ukiwa ndani."

Funguo hakucheka. Aliketi juu ya tenga la nguo chafu, goti likimchezacheza. Mjini hakuwa na jina jingine. Kufuli likimwona hufunguka lenyewe, ndivyo walivyomsifu. Ila wakishamsifu huinama na kuongeza kwa sauti ya chini: ni dada mdogo wa yule aliyewauza wenzake.

Kaka yake alikuwa mkono wa kulia wa Kobe. Usiku mmoja wawili hao waliingia nyumbani kwa tajiri mmoja, wakatoka na sarafu moja ya fedha. Alfajiri Kobe akarudi peke yake, kalowa hadi kiunoni. "Kaka yako kaingia mitini," alimwambia Funguo. "Kaondoka nayo." Genge likataka kumalizia hasira kwa Funguo. Kobe akamkingia kifua. Tangu hapo Funguo amefungua kila alichoambiwa afungue, na mama yao akafa bila kumtaja tena mwanawe wa kiume. Picha pekee ya kaka, Funguo mwenyewe ndiye aliyeichoma.

"Leo ndiyo mwisho," Kobe alimgeukia. "Ukitoka mle, nitasema mbele ya watu wote: aibu ya kaka yako umeifuta. Uende zako, ufungue kiduka chako cha kufuli."

Hicho tu ndicho alichokitaka. Apite barabarani bila mtu kunong'ona.

"Jambo moja," Kobe aliendelea. "Sarafu zake zimethibitishwa. Wataalamu wamezikagua, wakafunga kila moja kwenye kijisanduku cha plastiki ngumu chenye cheti na namba. Vijisanduku vivunjeni vyote mle mle. Plastiki ziacheni sakafuni. Namba zitatuchoma."

Funguo aliinua uso. "Bila cheti si zinashuka bei?"

"Zinashuka."

"Sasa?"

"Sasa vunja. Na usisome chochote, hatuendi maktaba." Akafuta mchoro kwa mkono wake usio na kidole cha mwisho. "Mimi nashika usukani."

Hapo hata Bondia aligeuka kumtazama. Kobe hakuwahi kubaki garini. Kobe huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, na heshima yake yote imejengwa hapo.

Saa tano kasorobo.

"Mikono kichwani, babu," Bondia alisema, bastola mbele. "Ikienda chini ya kaunta hatutaelewana."

Muuza sarafu aliweka mikono kichwani, akaketi juu ya kigoda chake. Alikuwa mkongwe, mdogo wa mwili, na miwani mbili: moja puani, nyingine kwenye paji la uso. Funguo alipiga magoti mbele ya sefu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi. Bondia alikuwa akihamahama, mara dirishani, mara mlangoni, mara anamchungulia begani.

"Bado tu?"

"Ukinipumulia tena nitakufungia humu."

Sefu likaachia. Trei tano, vijisanduku vimepangwa wima. Bondia akatoa nyundo, akaanza. Paa! Plastiki zikaruka. Mzee akaguna utadhani kapigwa yeye.

"Jamani! Si bora mniibie kama watu? Ukivunja hiyo umeua nusu ya bei!"

Funguo alikuwa akimpasia moja moja. Aliambiwa asisome. Lakini fundi wa kufuli akikutana na namba, jicho halimwombi ruhusa. Trei ya nne. Sarafu ya fedha. Namba yake iliishia na 1951.

Hii hakumpasia Bondia.

Mwaka aliozaliwa mama. Siku ile ya kazi, kaka yake aliikariri namba ya sarafu waliyotumwa, na alipofika mwisho akapiga kofi paja: "Mwaka wa mama! Kumbe mama anatufuata mpaka kazini!" Walicheka hadi mama akauliza kutoka chumbani kuna nini. Kisha kaka akaifanya namba yote kuwa wimbo, tarakimu zote saba, asije akaisahau. Sasa Funguo aliuimba moyoni, jicho kwenye cheti. Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Zote saba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Dada, tupa hapa!" Bondia alisema.

"Nimemuuliza babu."

Mzee aliikodolea macho, na bila kujizuia uso ukamchangamka. "Hiyo ina vituko, binti. Nimeiuza mara mbili, imerudi mara mbili. Wa kwanza alihama nayo ng'ambo. Mwanawe akaja kuniuzia, wala hajui baba yake aliinunua kaunta hii hii. Nikaiuza tena. Jumanne hii akaja mama mmoja nisiyemjua hata kidogo, kaokota kwenye mnada. Nikatazama namba, nikacheka peke yangu. Nikamwambia mke wangu, hii imekataa kuondoka."

"Kabla ya hao. Nani aliileta mara ya kwanza kabisa?"

"Ah, zamani. Mwaka wa mafuriko. Bwana mmoja mpole, kidole cha mwisho hana. Eti urithi wa mkwewe. Suruali imejaa matope. Kila nikisema neno ananiambia 'taratibu, mwanangu', mimi niliyempita miaka ishirini!"

Nyundo ya Bondia ilisimama.

"Alikuwa na mwenzake?"

"Peke yake."

Kaka hakukimbia. Angekimbiaje na sarafu ambayo Kobe aliiuza? Miaka yote amekuwa akimlaani maiti. Na aliyemkingia kifua ndiye aliyemuua. Ndiyo maana leo kabaki garini: mzee angemtambua.

"Bondia, mlango wa nyuma ule. Chukua begi, nenda."

"Na bosi?"

"Umesikia kama nilivyosikia. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

Bondia alimtazama, akatazama mlango, akabeba begi. Hakuaga.

"Babu, kitufe cha king'ora kiko chini ya kaunta?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali.

"Nikifika chini, kibonyeze. Tafadhali usichelewe."

Saa tano na ushei.

Kobe alikuwa kwenye usukani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Funguo aliingia mbele, akachomoa ufunguo wa gari, akautupa dirishani. Ukatumbukia mtaroni.

"We! Una wazimu? Mwenzako yuko wapi?"

Akamwekea ile sarafu kwenye paja, ingali ndani ya plastiki yake. "Soma namba."

Kobe hakuisoma. Aliitazama tu, na shavu likamcheza.

"Nilikwambia usisome."

Juu yao king'ora kikalia. Watu wakasimama barabarani. Kobe akachomoa bastola chini ya paja, akafungua mlango kwa mkono mwingine. Funguo akamvaa kiunoni, akashika mkanda wake kwa mikono yote miwili.

"Yuko wapi kaka yangu?"

"Niachie! Tutakamatwa wote, mjinga wewe!"

Hakuwahi kumsikia Kobe akipiga kelele. Kitako cha bastola kikamshukia kichwani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Damu ikamwingia jichoni, akakaza mikono.

"Yuko wapi?"

"Alitaka nusu sawa!" Kobe alihema. "Nusu sawa na mimi niliyemfundisha kushika tochi! Machimbo ya kokoto, nyuma ya mzani wa malori. Haya, umesikia! Niachie sasa, mwanangu, bado tunaweza..."

Hakumwachia. Viatu vya polisi vilikuwa vikija mbio. Bastola ilipigwa teke ikaserereka chini ya gari.

"Mikono juu! Wote wawili!"

"Yangu haiwezi, afande," Funguo alisema, shavu lake likiwa bado mgongoni mwa Kobe. "Mfunge pingu huyu kwanza, halafu mimi. Halafu twendeni machimboni na sepetu. Kaka yangu ametungoja vya kutosha."