Jokofu la Futi Ishirini

Maiti ya fundi Matlawi ilikutwa siku depo ya makontena ilipofunguliwa baada ya Idi, ndani ya kontena la jokofu la futi ishirini, tupu, lisilo na umeme. Kucha zake zilikuwa zimevunjika.

Inspekta Suhartinah wa polisi wa bandari, Surabaya, alitazama mara moja, akatoka nje kuvuta pumzi. Daktari alisema ni kiu na hewa chafu, kwa siku kadhaa. Mjane alikuwa kisiwani Madura, amepika, anamsubiri mumewe. Hilo lilimuuma Inspekta kuliko zile kucha.

"Nani wa mwisho kumwona?"

"Mimi, Bu," alisema Wagiyo, msimamizi wa mafundi, akimwita mama kwa lugha yao. "Alilala humo siku ya kufunga depo, baada ya adhuhuri. Nikamfungia."

"Ukamfungia?"

"Mzaha wetu, Bu. Mchana kila mtu anatafuta kontena tupu alale. Usingizi ukikolea, unafungiwa mlango. Ukigonga, yadi nzima inacheka, unafunguliwa. Aligonga, nikamsikia, nikamfungulia. Akanitukana Kimadura, basi. Aliyemfungia tena simjui."

"Hata Pak Wagiyo kashafungiwa!" alidakia fundi mmoja. "Alifungiwa na marehemu huyohuyo. Mzee akamlilia mama yake, Bu! Mpaka leo tunamwita Mtoto wa Mama."

Wenzake walicheka, wakakumbuka maiti, wakanyamaza. Wagiyo hakuwa amecheka.

Inspekta aliingia kwenye kontena la kawaida, akaamuru lifungwe. Mwanga ulipenya kwenye vitundu vya hewa, na alipopiga ukuta kwa kiatu bati lililia hadi getini. Kisha akaingia kwenye jokofu jingine. Giza totoro. Alipiga, akapiga, mpaka mkono ukafa ganzi.

Muda waliopatana ulipofika, Konstebo Darsono, aliyeachwa nje asikilize, alifungua mlango akitafuna karanga.

"Ulishaanza kupiga, Bu?"

Njia ya mwongo ni fupi. Inspekta alimrudia Wagiyo.

"Kuta za jokofu zimejazwa nini, Pak?"

"Povu, Bu. Linazuia joto."

"Na sauti. Matlawi ulimsikiaje?"

Wagiyo aliketi chini, palepale kwenye saruji.

"Wajukuu zangu wananiita jina lile, Bu. Wajukuu! Siku ya kufunga depo nilimwambia: Idi imefika, watu wote wanaombana msamaha. Na wewe niombe, mara moja tu, kwa ule mzaha. Akacheka. Akaniuliza mama hajambo."

"Ndipo ukamwelekeza kwenye jokofu."

"Nilimwambia mna ubaridi."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aogope kama mimi. Nilisimama nimeshika komeo. Nilijua sitasikia kitu, Bu, kazi yangu ni makontena. Lakini nikajiambia, angekuwa anaomba msamaha, ningemsikia."

Inspekta aliwahi kukutana na wauaji wenye hasira. Huyu alimhuzunisha, na alijichukia kwa huzuni hiyo.

"Na siku zote zile? Hukumkumbuka?"

"Asubuhi ya Idi mkewe alinipigia simu, Bu. Aliuliza kama nimemwona, maana simu yake haipatikani. Halafu akaniomba msamaha, wake na wa mumewe, kwa lolote walilonikosea." Wagiyo alifunika uso. "Nadhani mumewe alikuwa bado hai."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimeshasamehe."