Mume wa Kwanza wa Husna

Waliokuwapo barazani kwa Mwero, Kibuyuni, alasiri ile walikuwa wanne: Husna binti Kombe, mkulima wa mwani, mumewe Jaafar bin Mwero, Bi Zainabu mama yake Jaafar, na muuguzi Dama Charo, aliyepita kumjulia Husna hali. Palikuwa na harufu ya marashi ya mawaridi, na hakuna aliyejipaka.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Husna akiwa mzima. Kabla ya ndoa alikuwa akisikia sauti ya mwanamume ikimwita mke wangu. Mganga alisema ni jini mahaba, jini anayempenda binadamu na kujifanya mumewe. Hospitali ilimpa vidonge. Alivimeza kila jioni kabla ya chakula, na sauti ikanyamaza.

"Nimepona, dada Dama. Vidonge hivi vinanilegeza, nalala kama gogo. Nami nataka mtoto."

"Umetulia kwa sababu unavimeza," Dama alijibu. "Ukitaka kupunguza, twende kwa daktari, vipunguzwe polepole tukikuangalia. Hata kwa ajili ya mtoto njia zipo. Usivikate ghafla. Maradhi haya yakirudi, huenda yakaja na nguvu zaidi."

Bi Zainabu akacheka. "Jaafar mwanangu ana mume mwenza! Tena huyo huhudumiwa kwanza, kabla ya chakula."

Jaafar hakucheka. Dama alipokwenda zake, alisema kwa sauti ya chini, "Mke anayekula dawa kwa ajili ya mwanamume mwingine bado ni wa huyo mwingine. Chagua."

Husna akampa pakiti ya vidonge. Jaafar akaitupa chooni.

Wiki za kwanza zilikuwa njema. Husna akawa mwepesi, akaimba akifunga mwani kwenye kamba, na Jaafar akajisifu kwamba amemshinda jini. Kisha usingizi ukampotea Husna. Kisha, akipepeta mchele uani, akaitika, "Labeka."

"Unamwitikia nani?" Jaafar aliuliza.

"Si umeniita?"

"Sikukuita."

"Basi si wewe," alisema Husna, akatabasamu.

Jambo hilo lilimchoma Jaafar. Yeye akimwita, Husna hujibu "Unasemaje?" akiendelea na kazi.

"Mpeleke kwa Dama, mwanangu," Bi Zainabu alinong'ona. "Mzaha umekwisha."

"Nimwone uso huyo jini kwanza, mama."

Jumatatu, maji makuu ya bamvua yakijaa na wanawake wakitoka katika mashamba yao ya mwani, Husna aligeuka akarudi baharini amejifunga leso zake za harusi, na Jaafar akamfuata bila kumwita, maana alitaka kuwafumania, na kadiri alivyosogea ndivyo marashi ya mawaridi yalivyozidi kufunika uvundo wa mwani, hata wanawake waliokuwa ufukweni wakaziba pua, nao wakasikia sauti ya Jaafar ikiita kutoka mbele, kwenye kina, "Mke wangu, njoo," ilhali Jaafar mwenyewe alikuwa nyuma ya Husna, kinywa kimefumbwa.

"Labeka," akaitika Husna.

"Mwache mke wangu!" Jaafar alipiga kelele, akampita mbio, akaingia mkondoni. Wanawake walimdaka Husna maji yakimfika kifuani.

Husna alilazwa hospitali ya Msambweni, akarudishiwa dawa. Sauti ilipopungua, alimuuliza Dama kwa nini mumewe haji kumtazama.

Jaafar bin Mwero alikufa maji Jumatatu ile. Alizikwa Jumanne, Kibuyuni.