Homa Niliyoipeleka kwa Bibi

Mafua na mimi hatujuani. Darasani kwetu tuko thelathini na wawili, na Januari ilipoisha wenzangu kumi na tisa walikuwa wamelala makwao wakipiga chafya. Mimi, Solongo, nilikaa dawati la mbele, mikono mifukoni, nikiwahesabu waliobaki kama mchungaji anayehesabu kondoo baada ya mbwa mwitu kupita.

"Virusi vinanijua," nilimwambia kila aliyetaka kusikia. "Vikiniona vinavuka barabara."

Asubuhi ya safari niliamka koo likiniwasha kana kwamba nimemeza sufu. Kichwa kilikuwa kizito. Nje, Ulan Bator yote ilikuwa imefunikwa na moshi wa majiko, na baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Ilikuwa siku moja tu kabla ya Mwezi Mweupe, mwaka wetu mpya, siku ambayo kila mtu hurudi kwa wazee wake.

Mama alikuwa na sheria moja msimu huo, na hakuifanyia mzaha hata kidogo. Mwenye homa asingekanyaga kwa Bibi Dulmaa, mama yake Baba. Angebaki mjini kwa mama mdogo Tsermaa. Bibi ana miaka themanini na moja. Majira ya vuli alilazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alimwambia Baba kwenye korido, nami nikasikia: "Mapafu haya hayataweza homa nyingine."

Nilisikia, naam. Lakini nilifikiria pia farasi wa Bibi, zawadi, na sahani za buuz, vile vitumbua vya nyama vya mvuke ambavyo mwaka uliotangulia nilikula ishirini na tatu.

Basi Mama alipokuwa chumbani akitafuta kipimajoto chake, kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, nilikwenda dirishani, nikalibandika paji langu la uso kwenye kioo chenye barafu. Nikahesabu hadi arobaini.

"Unafanya nini?" aliuliza Temuulen, mdogo wangu wa miaka saba.

"Naangalia kama Baba amewasha gari. Nenda kavae viatu, pua ndefu wewe."

Mama akanielekezea kile kidude. Akakunja uso. "Thelathini na tano! Mbona umepoa hivi?"

"Damu ya watu wa milimani, Mama."

Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka wiki ile.

Tulisafiri kwa muda wa saa tisa. Mama alitugawia barakoa. Yangu ililowa pumzi, nikaishusha kidevuni. Chupa ya chai ilikuwa na kifuniko kimoja cha kunywea. Kila mtu alikuwa na kikombe chake kwenye mkoba, lakini nani atafungua mkoba na mikono imekufa ganzi? Nilikunywa mimi, akanywa Temuulen. Mama alitaka vioo vifunguliwe kidogo hewa ibadilike.

"Tutaganda!" nililia. Baba akavifunga. Pumzi zetu ziligeuka barafu kwenye vioo kwa ndani, nyeupe na nene, hata tukawa hatuoni nje. Nilikohoa mara moja ndani ya skafu, polepole, kama mwizi.

Asubuhi ya Mwezi Mweupe Bibi alikaa mahali pake nyuma ya jiko, ndani ya hema la sufu, amevaa joho la kahawia na kofia ya manyoya. Tulipanga foleni kwa umri. Kila mmoja humshika mzee viwiko kwa chini, kumwinua kwa heshima, na mzee humnusa mashavu yote mawili. Bila hivyo, mwaka haujaingia.

Zamu yangu ikafika. Ningeweza kusema. Maneno mawili tu yangetosha: Bibi, naumwa. Nikanyoosha mikono.

"Umeingia mwaka kwa amani, mwanangu?"

"Kwa amani, Bibi."

Akaniinamia. Akavuta pumzi ndefu shavu la kulia, kisha la kushoto, kwa upendo wote alionao. Akasita.

"Shavu hili lina moto kama jiko."

"Nilikaa karibu na jiko, Bibi."

Mchana wageni walikuja, vichupa vya ugoro vikazunguka mkono kwa mkono na pua kwa pua, kila mtu akimtakia mwenzake mema. Mzee Luvsan, jirani, alipiga chafya iliyotikisa nguzo za hema, watu wakacheka. Mimi nilijilaza pembeni nikisema nimeshiba.

Kesho yake jioni Bibi hakumaliza chai yake. Asubuhi iliyofuata alikuwa akipumua kwa mlio, kama upepo unaopita kwenye tundu la mlango. Kofia ya manyoya ilikuwa imewekwa kando. Sikuwahi kuona nywele zake bila kofia. Zilikuwa chache sana. Nje theluji ilianza kuruka, na mbwa waliingia chini ya gari bila kubweka.

Muuguzi Handaa wa zahanati alifika adhuhuri, nyusi zake nyeupe kwa barafu. Alisikiliza kifua cha Bibi kwa muda mrefu. Kisha akamwita Baba karibu, lakini hema halina kuta za ndani, tulisikia sote.

"Kuna mambo mawili. Kama ni ule ugonjwa wa vuli umerudi, lazima tumpeleke hospitali leo. Kilomita tisini, na tufani hiyo inakuja. Sitakuficha, huenda tukakwama njiani. Kama ni homa ya mafua aliyoambukizwa, dawa yake ninayo mkobani, na ikianza ndani ya siku mbili inasaidia sana. Sasa niambieni ukweli. Kuna aliyeingia humu na homa?"

Jiko lilirusha cheche. Baba alimtazama Mama. Mama akasema, "Niliwapima wote. Hakuna."

Baba akaanza kuvaa kofia aende kuwasha gari.

Hapo ndipo niliposimama. Nilisimama mbele ya wote, nikasema ukweli wangu wote: koo, dirisha, barafu, barakoa kidevuni. Muuguzi alinipima. Nyuzi thelathini na nane na nusu. Alinichokonoa pua kwa kijiti cha kupimia mafua, akamchokonoa Bibi, akasubiri robo saa, kisha akafungua mkoba wa dawa.

Bibi hakupelekwa popote. Tufani ilipiga siku mbili. Tulimpa dawa na maji ya moto, Mama akalala ameketi kando yake. Siku ya tatu ule mlio ulipungua. Siku ya tano aliomba supu, akalalamika haina chumvi. Baba alitoka nje akakaa huko muda mrefu, akarudi na macho mekundu.

Muuguzi aliporudi aliniweka mbele yake. "Solongo, kuumwa si kosa. Kosa ni kuficha. Msimu wa baridi, mwenye homa hasafiri. Anayesafiri hufungua kioo cha gari hata kwa dakika tano, hunywa kwa kikombe chake, huvaa barakoa puani na si kidevuni, hunawa mikono. Na ukijisikia vibaya, mshike mzee viwiko tu, usimpe shavu. Heshima ni kumtaka awepo mwakani."

Nikaipandisha barakoa puani.

Tuliporudi mjini mama mdogo Tsermaa alitukaribisha chai, akataka kujua kila kitu. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika pale niliposimama mbele ya wote, akaweka kikombe chini.

"Kweli, mwanangu? Ulisimama mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama mdogo."

Temuulen alimeza tonge alilokuwa nalo.

"Mama mdogo, huyo alisema homa ya Bibi imetoka kwenye ugoro wa Mzee Luvsan. Alisema mara mbili. Mimi ndiye niliyesimama nikasema mambo ya dirisha. Yeye alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani."