Jina Kubwa la Profesa Whitcomb

Kila Jumanne, baada ya kuosha sahani kwenye bwalo la chuo, Britta Lindqvist alipanda ngazi kwenda ofisini kwa Profesa Pelletier, mwalimu wake wa kemia. Wanafunzi wengi waliona haya kuingia mle. Britta hakujali. Kemia ilimsumbua kichwa, basi alifika na maswali yake, akakosea, akafuta, akaanza upya. Mwisho wa mwaka alipata B, tena kwa jasho lake.

Alitaka kuwa daktari. Huko Minnesota, Marekani, mtu humaliza chuo kwanza, ndipo aombe nafasi katika shule ya udaktari, na maombi hayaendi bila barua za maprofesa waliomfundisha.

"Ukiwa tayari kuomba, niambie," Profesa Pelletier alimwambia. "Nina mengi ya kusema juu yako."

Britta alishukuru, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Barua mbili za walimu wa sayansi zilitakiwa, na mwalimu wa biolojia alikwisha kubali kuandika moja. Hiyo ya pili aliitaka kwa Profesa Whitcomb, bingwa wa maradhi ya moyo, ambaye picha yake ilitundikwa ukumbini. Alikuwa amempa A katika darasa la watu mia tatu.

Marlys, mwenzake wa chumbani, alicheka. "Whitcomb? Yule hakumbuki jina la mbwa wake, atakukumbuka wewe?"

"Jina lake linatosha. Yule akikohoa tu, wakubwa wanasimama."

"Haya bwana. Mwenye macho haambiwi tazama."

Britta alimwandikia Whitcomb, naye akakubali kwa mstari mmoja: Britta amtumie picha, apate kujua ni yupi. Hapo msichana alipaswa kushtuka. Badala yake alitafuta picha aliyopendeza zaidi.

Wiki ile ile Profesa Pelletier akamuuliza habari za barua. Britta aliona aibu kusema kwamba amemwomba mwingine, akadanganya. "Mwaka huu siombi, Profesa. Nimeona nisubiri kidogo."

"Sawa. Haraka haraka haina baraka."

Theluji ilipoanza kuanguka, majibu yakaanza kuja. Shule zote zilimkataa. Britta akapiga simu kwenye mojawapo kuuliza kosa lake.

"Alama zako hazina ubaya, binti," mama mmoja wa ofisi ya maombi alimjibu kwa upole. "Ila tulitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani, na inaonekana mwalimu wako mmoja hakujui."

Britta alilia mpaka macho yakavimba. Kesho yake alikwenda kwa Profesa Pelletier, akakiri yote, pamoja na ule uongo.

Mwalimu alimvutia kiti. "Nilijua," akasema.

"Ulijua, Profesa?"

"Whitcomb alinijia baada ya mkutano, picha yako mkononi. Akaniuliza, 'Huyu ni nani?' Nikaanza kumweleza jinsi unavyoanguka na kuinuka. Alikuwa na haraka, hakunisubiri nimalize."

Britta alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwalimu ambaye yeye alimkwepa ndiye aliyesimama kumsemea. "Nisamehe, Profesa. Mwaka ujao utaniandikia?"

"Nitaandika. Ila nitaandika kweli yote: kwamba ulinidanganya, na kwamba ulikuja kusema mwenyewe. Sikiliza, Britta. Jina kubwa la mtu asiyekujua halikusaidii kitu. Shahidi wako ni yule aliyekuona ukihangaika. Na ukishampata, usimdanganye, maana atakuwa na jambo moja zaidi la kushuhudia."

Barua iliandikwa, na mwaka uliofuata Britta akapata nafasi, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Pelletier alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Lakini kwa muda mrefu, kila walipokutana, Britta ndiye aliyetangulia kuinamisha macho.