Silinda Hedi ya Gari la Mashindano

Gari lilikuwa halijawashwa tangu juzi, lakini boneti ilikuwa ya moto. Bi Spana aliigusa, akarudisha mkono haraka. Halafu pakanukia udi. Udi, gerejini!

Kilikuwa kigari kidogo cha Kiingereza, kikuukuu. Baba yake, fundi mstaafu, kiziwi mwaka wa tatu sasa, alitaka jambo moja kabla hajafa: kukipandisha kile kilima cha nyuma ya nyumba bila kurudi gia ya kwanza. Basi Bi Spana, na haraka zake, akafunga silinda hedi, kile kichwa cha injini, yenye valvu kubwa, iliyotolewa kwenye gari la mashindano lililomuua dereva wake. Ikabaki kuchagua kemshafti, chuma kinachofungua valvu: kuacha ya upole iliyokuwamo, au kuweka ile kali.

Akawasha. Akagusisha bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza valvu.

"Weka kali," sauti ikanong'ona ndani ya chuma. "Yule dereva wa kwanza aliniachia usukani."

Akazima, akachomoa ufunguo, lakini injini ikaendelea kunguruma, na udi ukazidi, na taa za mbele zikawaka na kuzimika kama mtu anayekonyeza.

Mzee, aliyekuwa mlangoni, akaziona taa zile. Akachukua bisibisi, akauma mpini, maana sauti ya chuma hupenya mifupa hata masikio yakikataa. Machozi yakamtoka.

"Mwanangu, namsikia! Anasema atanirudishia masikio. Anataka kemshafti kali tu."

Bi Spana akaitazama kemshafti kali. Angemnyimaje baba yake?

Mzee akatema mpini. "Mshenzi mkubwa! Miaka arobaini nasikiliza injini, leo nidanganywe na kipuri? Leta spana!"

Wakaing'oa hedi ile ikiwaunguza vidole, wakaipasua kwa nyundo kubwa. Wakarudisha hedi ya zamani, wakaacha kemshafti ya upole, wakafunga kabureta mbili za kuongeza nguvu.

Asubuhi wakakipanda kilima kwa gia ya pili, Bi Spana akiendesha, mzee akipiga makofi. Kileleni mzee akaacha makofi, akageuza shingo.

"Nani anacheka huko nyuma?"

Kiti kilikuwa kitupu. Udi ukatanda. Bi Spana hakugeuka.

"Cheka mpaka uchoke," akasema. "Usukani ninao mimi."

Akaanza kuteremsha gari.